Jina la Askari na Daftari Lake

Askari akisemwa vibaya redioni au katika televisheni, neno la kwanza linalotoka vinywani mwa wenzake ni hili: "Na aende mahakamani!" Twalisikia neno hilo makambini, twalisikia na katika vituo vya polisi, wala hatuna haki ya kulicheka. Jina jema ni kitendea kazi cha askari kama ilivyo silaha yake. Seremala aliyesingiziwa wizi aweza kuhamia mji mwingine na randa yake, akaanza upya. Lakini ofisa aliyetangazwa kuwa mwongo hawezi kuwaamuru watu kesho kama alivyowaamuru jana, na raia hatamletea tena habari za majambazi kwa moyo mweupe. Kwa hiyo sheria inayompa mtu ruhusa ya kudai fidia kwa kashfa ni sheria ya haki, na askari naye ni mtu.

Lakini je, mahakama ndiyo ngome ya kwanza ya jina la askari? Sisi tunaonelea sivyo. Ngome ya kwanza ni daftari lake. Na ili tusionekane tunasema hewani, na tuitazame kesi moja mashuhuri iliyofunguliwa na jemadari dhidi ya shirika la utangazaji.

Jenerali William Westmoreland wa Marekani alihitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1936. Aliyaongoza majeshi ya nchi yake huko Vietnam tangu mwaka 1964 hadi 1968, kisha akawa mkuu wa jeshi la nchi kavu hadi mwaka 1972. Alikwisha kustaafu wakati shirika la CBS lilipoonyesha, tarehe 23 Januari 1982, kipindi kirefu cha televisheni kilichosimuliwa na Mike Wallace. Kipindi hicho kilidai kwamba mwaka 1967 ilifanyika njama katika ngazi za juu za upelelezi wa kijeshi ili kuipunguza hesabu ya adui, wakubwa wa Washington na wananchi wapate kuamini kwamba vita vinaelekea ukingoni. Mwisho wa Januari 1968 adui huyo aliyesemekana kudhoofika alishambulia miji mingi kwa pamoja, katika sikukuu ya Tet.

Ugomvi wenyewe ulihusu mgambo wa vijijini. Makao makuu ya jenerali yalishikilia kwamba adui hazidi watu 300,000 hivi. Wachunguzi wa shirika la ujasusi la CIA, akiwamo Sam Adams, waliona kwamba mgambo wakihesabiwa jumla yaweza kufika 500,000 au kupita. Upande wa jenerali ulisema hao ni wazee, wanawake na vijana wasio na silaha za maana, si wapiganaji. Wapinzani wake wakajibu kwamba mitego na mabomu yaliyotegwa na hao hao ndiyo yaliyowakata miguu askari. Tofauti ya namna hii ni ya kikazi, na maofisa waaminifu waweza kutofautiana juu yake. Kumwita mmoja wao mla njama ni jambo jingine kabisa.

Septemba 1982 jenerali alifungua madai ya dola milioni 120. Wala hakwenda mikono mitupu. Mwezi Mei mwaka huo gazeti la TV Guide lilikwisha kueleza jinsi kipindi kile kilivyotengenezwa kwa upendeleo. CBS wenyewe walimpa mkuu mmoja wa habari wa siku nyingi, Burton Benjamin, kazi ya kuchunguza, naye akaona kwamba njama haikuthibitishwa na kwamba watengenezaji walivunja kanuni za shirika lao. Shahidi mmoja aliyekuwa upande wao alionyeshwa maelezo ya wengine, kisha akahojiwa mara ya pili. Askari polisi yeyote ajua thamani ya ushahidi wa namna hiyo.

Hata hivyo sheria ya Marekani ilimwekea jenerali kilima kirefu. Mwaka 1964 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika kesi ya Sullivan, kiongozi wa mji wa Montgomery aliyekuwa akisimamia polisi, dhidi ya gazeti la New York Times. Sullivan alikwisha kupewa fidia ya dola 500,000 huko Alabama. Mahakama ikaifuta, ikaweka kanuni kwamba mtumishi wa umma hashindi kesi ya kashfa ya namna hiyo ila athibitishe kwamba msemaji alijua anasema uongo, au alisema bila kujali kama ni kweli au uongo. Haitoshi kuonyesha kwamba alikosea.

Kesi ya jenerali ilianza kusikilizwa mjini New York Oktoba 1984 mbele ya Jaji Pierre Leval. Ndugu askari, hapa ndipo penye fundisho. Anayekwenda mahakamani kudai jina lake hufungua makabati ya mdaiwa, lakini hufungua na yake pia. Nyaraka za siri za mwaka 1967 zilitolewa, zikasomwa mstari kwa mstari. Kisha wakaja watu wa nyumba yake mwenyewe. Jenerali McChristian, aliyekuwa mkuu wake wa upelelezi, alieleza kwamba Mei 1967 alimpelekea simu ya maandishi yenye hesabu kubwa zaidi ya adui, na kwamba mkubwa wake aliizuia kwa kuogopa kishindo cha kisiasa Washington. Kanali Hawkins, aliyesimamia hesabu zenyewe, alikiri kwamba zilipunguzwa. Hao hawakuwa waandishi wa habari wala maadui. Walikuwa wanajeshi wenziwe, wakisema chini ya kiapo.

Februari 1985, siku chache kabla ya juri kupewa kesi iamue, jenerali aliondoa madai. Hakulipwa hata senti moja, wala hakuombwa radhi. CBS walitoa tamko tu kwamba hawakukusudia kusema kuwa jenerali hakuwa mzalendo au hakuwa mwaminifu katika kutimiza wajibu wake kama alivyouona. Kila upande ulisema umeshinda. Jenerali alifariki dunia mwaka 2005, na hoja ya hesabu zile ikabaki bila hukumu.

Sisi hatusemi kwamba jenerali alikuwa mwongo, maana hakuna mahakama iliyosema hivyo. Wala hatusemi kwamba shirika la utangazaji halishindwi. Januari 2025, katika jimbo la Florida, juri iliamua kwamba mtu mmoja aliyewahi kutumikia jeshi la majini la Marekani alikashifiwa na shirika la CNN katika habari ya mwaka 2021 juu ya kuwatoa watu Afghanistan, ikampa fidia ya dola milioni 5. Katika kesi hiyo barua za ndani za watumishi wa shirika zilisomwa hadharani, zikiwa na maneno ya dharau juu ya mtu waliyekuwa wakimtangaza. Basi kesi mbili, miaka 40 kati yake, zasema neno moja: maandishi ya siku ile ya tukio huja kuwa shahidi, nayo hayajui cheo cha mtu.

Na sisi tunaoandika makala haya tusijitoe. Kazi yetu ni kusema na vyombo vya habari kwa niaba ya jeshi, na tumeonja pande zote mbili. Kuna siku redio moja ilitangaza kwamba askari wetu walimpiga mchuuzi penye kizuizi cha barabarani usiku wa manane. Tulifungua daftari la zamu. Koplo alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba kizuizi kiliondolewa saa 4 usiku, akataja gari lililowachukua, akatia sahihi. Asubuhi tulipeleka nakala kwa mhariri, na jioni habari ikasahihishwa. Hatukumwita mwanasheria.

Siku nyingine lawama kama hiyo ililetwa juu ya kikosi kingine. Ukurasa wa usiku ule ulikuwa mtupu. Mkuu wa zamu akasema, "Afande, hapakuwa na jambo." Tulimwamini kwa sababu ni mwenzetu, tukaandika kwamba habari hizo ni za uongo, na mmoja wetu akataka hata redio ile ishtakiwe. Baada ya wiki mbili mlalamikaji alileta cheti cha hospitali, na askari wawili wakakiri. Tulimtukana kwa maandishi mtu aliyesema kweli. Lau tungalikwenda mahakamani, kabati letu lingefunguliwa, na ndani yake pangekutwa ukurasa mtupu na uongo wetu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jina nalo ni mali. Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi mambo matatu. Kwanza, andika tukio siku ile ile, saa yake, mahali pake na majina yake, hata kama halikupendezi. Pili, mkubwa asimwombe mdogo hesabu itakayomfurahisha, na mdogo asimpe, kwani siku ya kiapo kila mmoja atasimama peke yake. Tatu, habari mbaya ikitangazwa, tusikimbilie kukana kabla ya kusoma daftari. Ikiwa ni uongo, tujibu mapema kwa tarehe na sahihi, na mtangazaji akikataa kusahihisha, hapo mlango wa mahakama u wazi na tuuingie bila hofu. Ikiwa ni kweli, tukiri na tuadhibu.

Koplo yule wa kizuizini hakujua, alipokuwa akiandika kwa mwanga wa tochi, kwamba anakilinda kikosi kizima. Aliandika kwa sababu aliamriwa kuandika, na aliandika kweli. Sisi twamsalimu.