Kofia ya Swami na Nafsi ya Mtoto

Katika riwaya ya kwanza ya R. K. Narayan, Swami and Friends, iliyochapishwa London mwaka 1935, mtoto wa miaka kumi aitwaye Swami, akiwa katikati ya halaiki inayochoma nguo za kigeni kupinga utawala wa Waingereza katika mji wa kubuniwa wa Malgudi, kusini mwa India, anaambiwa kwamba kofia aliyoivaa ni ya kigeni. Naye, kwa haya na fadhaa, anaivua na kuitupa motoni, akidhani kwamba anaiokoa nchi yake. Baadaye baba yake, ambaye ni wakili, anamwarifu kwamba kofia ile ilikuwa ya khadi halisi, nguo iliyosokotwa na kufumwa India kwenyewe.

Nashikilia kwamba tukio hili dogo lina maarifa ambayo mzazi na mwalimu hawana budi kuyazingatia. Swami hakuichunguza kofia, wala hakupima hoja za wazee juu ya utawala wa Waingereza. Alilolitambua ni macho ya watu yaliyomwelekea, na hofu ya kutengwa nao. Sisi wakubwa hudhani kwamba mila, dini na uzalendo huingia kwa mtoto kwa njia ya hoja, ilhali aghalabu huingia kwa njia ya mapenzi au ya aibu; na kile kilichoingia kwa aibu hutupwa motoni upesi, hata kikiwa chema na cha kwao.

Mwandishi huyo huyo ametuonyesha upande wa pili. Katika shule ya misheni anakosoma Swami, mwalimu Ebenezar anaidhihaki miungu ya Wahindu mbele ya watoto wa Kihindu, na Swami anapothubutu kumuuliza, jawabu lake ni kufinywa sikio. Mwalimu yule na umati ule wa barabarani walikuwa mahasimu katika itikadi, lakini walikuwa na kosa moja: kila mmoja alimdai mtoto ushahidi kwa kumfedhehesha. Bibi yake peke yake, ambaye jioni humsikiliza akimsifu rafiki yake Rajam, hakumdai ushahidi wowote, na ni hapo tunapomwona mtoto ametulia.

Sudhir Kakar, mwanachuoni wa elimu ya nafsi, katika kitabu chake The Inner World cha mwaka 1978, ameeleza jinsi mvulana wa Kihindu anavyotolewa, angali mdogo, katika ulimwengu wa mama uliojaa huba na kutiwa ghafula katika ulimwengu wa wanaume wenye amri na masharti. Rabindranath Tagore alikuwa amekwisha kuliona jeraha la namna hiyo katika karne ya 19, alipoandika kisa cha Phatik, kijana wa miaka 14, kiongozi wa watoto wenzake kijijini, anayepelekwa Calcutta kwa mjomba wake, akageuka mzigo kwa mke wa mjomba na mjinga shuleni, hata akaugua kwa shauku ya kurudi kwa mama yake.  Waliomzunguka walisahau kumuuliza moyo wake uko wapi.

Atatokea mtu wa kusema kwamba mtoto asiyefunzwa asili yake atapotea, nami nakubali. Lakini kufunza si kutisha, na heshima ya mila haihitaji machozi ya mdogo ili isimame. Kwa hiyo natamani vyuo vyetu vya ualimu viweke hadithi hizi za India kando ya vitabu vya saikolojia, kwa sababu takwimu hutuambia watoto wangapi wameshindwa mtihani, na hadithi hutuonyesha mtoto mmoja anavyohisi anaposimamishwa mbele ya wenzake akakosa la kusema. Mwalimu aliyemwelewa Phatik hatamcheka mwanafunzi aliyetoka shamba kwa matamshi yake, na mzazi aliyemwelewa Swami atamfundisha mwanawe dini na lugha ya wazee wake kwa upole, akimwachia nafasi ya kuuliza, kwani mtoto hushika kwa mikono miwili kile alichopewa kwa mapenzi.