Ujumbe Usio na Mpokeaji Usitupwe Kimyakimya

Mteja amelipa, pesa imekatwa, lakini risiti haijaja na ghala halina habari kwamba kuna mzigo wa kutoa. Fundi anapekua kumbukumbu za mfumo, hakuti kosa. Mfumo wa malipo unasema umetuma taarifa. Programu ya kati, dalali wa ujumbe, inakiri kuipokea. Ghala linasema halijaona kitu. Wote watatu wanasema kweli.

Mifumo mingi siku hizi imejengwa hivyo: mtoa taarifa hamjui mpokeaji. Anaipeleka kwa dalali ikiwa na jina la mada, na kila anayeihitaji amejiandikisha kwa kigezo chake. Dalali analinganisha na kusambaza. Ukitaka kuongeza mfumo wa kunusa wizi, unauandikisha tu. Msimbo wa malipo haugusi mtu. Kwa hilo hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni juu ya ujumbe ambao haukulingana na kigezo cha yeyote.

Tazama RabbitMQ, programu ya udalali iliyotoka mwaka 2007 na bado imeenea. Tuseme foleni ya ghala imefungwa kwa kigezo “malipo.*.yamekamilika”. Nyota hiyo inashika nafasi ya neno moja, basi. Taarifa ya “malipo.tz.yamekamilika” inapita. Timu ya malipo ikiamua kuongeza mkoa, jina likawa “malipo.tz.dodoma.yamekamilika”, kigezo hakilingani tena. Alama ya # ingepitisha, maana hiyo inakubali maneno mangapi yawayo, lakini aliyeandika kigezo hakuwaza mikoa. Kama hakuna foleni nyingine inayoutaka, ujumbe unatupwa. Na hapa ndipo penye uchungu: mtumaji aliyeomba uthibitisho anaupata kama kawaida. Dalali kapokea, katafuta foleni, hakuiona, kazi yake imekwisha.

Dawa ipo ndani ya RabbitMQ yenyewe. Mtumaji anaweza kudai ujumbe urudishwe ukikosa pa kwenda, au dalali akaelekezwa kuupeleka kwenye njia ya akiba. Ila lazima mtu aamue kuiwasha, na wengi hawaiwashi mpaka yawakute.

Wengine nao wana yao. Katika Google Cloud Pub/Sub, ujumbe usiolingana na kichujio cha usajili huhesabiwa moja kwa moja kuwa umeshapokelewa. Amazon SNS huhesabu ulichochuja, jambo jema, mradi kuna anayesoma hesabu hiyo. Itifaki ya MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa kazi ya mabomba ya mafuta. Ilibidi lije toleo la 5, mwaka 2019, ndipo dalali akapewa namna ya kumjulisha mtumaji kwamba hakuna aliyejiandikisha. Hata hapo ni hiari yake.

Kafka kwa kawaida haichuji kwa niaba ya msomaji. Anayesoma mada anabeba yote na kutupa asichotaka mwenyewe. Ni mzigo kwa mtandao, tunakubali. Lakini ujumbe unabaki kwenye diski, siku 7 kama hukubadilisha mpangilio, na kigezo kibovu kikirekebishwa unarudi nyuma na kuusoma upya. Kipimajoto kinachotuma joto la chumba kila sekunde hakihitaji anasa hiyo. Pesa ya mtu inaihitaji.

Kwa hiyo tunasema: jina la mada ni mkataba, lisibadilishwe na timu moja peke yake kwa kuwa tu msimbo wao umepita majaribio. Njia ya akiba iwashwe siku ya kwanza, si baada ya malalamiko. Idadi ya ujumbe uliokosa mwenyewe ionekane kwenye skrini ileile ya miamala, na awepo mtu wa zamu wa kuamshwa usiku inapozidi sifuri.