Tuwafungulie Wanafunzi Milango Waitazame Mbingu

Usiku wa tarehe 10 Mei 2024, kijana mmoja niliyewahi kumfunza hapa Muthara, ambaye sasa yuko Uingereza, alinitumia picha iliyonilazimu kuifuta miwani mara mbili. Yeye na rafiki zake walikuwa wametoka nje ya mji na kamera, wakakuta anga limegeuka kijani na jekundu. Zilikuwa nuru za kaskazini, ambazo kwa kawaida huonekana karibu na ncha ya dunia. Usiku ule dhoruba ya jua, iliyokuwa kali kuliko zote tangu mwaka wa 2003, ilizifanya zionekane hata Mexico.

Niliibandika picha hiyo ubaoni. Msichana mmoja akauliza kwa nini sisi hatupati kuziona. Nikaeleza kwamba jua hurusha chembechembe zenye umeme, nayo nguvu ya sumaku ya dunia huzielekeza kwenye ncha zake. Huko hugongana na hewa iliyo juu sana, kilomita mia moja na zaidi, na oksijeni hutoa rangi zile za kijani na nyekundu. Sisi wa ikweta hatumo katika njia hiyo.

"Basi mwalimu, sisi tuna nini?"

Waama, tunacho kingi. Aliye Norway hauoni kamwe Msalaba wa Kusini. Sisi tulio karibu na ikweta twaweza, mwaka ukizunguka, kuziona takriban nyota zote za kaskazini na za kusini. Kilimia, kile kishada ambacho wakulima na mabaharia wa pwani walihesabia majira, hupita juu ya vichwa vyetu. Isitoshe, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni ilirushwa kutoka pwani yetu, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua hilo?

Mnamo tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu usiku, kwa muda wa dakika 82. Mimi na walimu wenzangu wawili tulisimama kando ya shamba la miraa, tukautazama ukiwa juu ya vilima vya Nyambene, mwekundu kama kaa la moto linalofifia. Mwenzetu mmoja aliweka simu yake kwenye kioo cha darubini ndogo akapiga picha. Nyingi ziliharibika kwa sababu mkono ulitetemeka (na baridi ya huku si ya mzaha), lakini mbili zilitokea vizuri. Wekundu ule ni nuru ya jua iliyopenya katika hewa ya dunia na kupindwa hadi mwezini.

Saa iyo hiyo, katika shule moja ya bweni nisiyopenda kuitaja, wanafunzi walikuwa wamefungiwa darasani wakidurusu. Wengine, nimeambiwa, walikuwa na kitabu cha Jiografia mbele yao, kimefunguliwa kwenye mchoro wa kupatwa kwa mwezi! Aliyechungulia dirishani alikemewa.

Nafahamu hofu ya walimu wakuu. Usiku una hatari zake, na nidhamu ikilegea ni vigumu kuirudisha. Hata hivyo uwanja wa shule una ua, walimu wa zamu wapo, na kamera moja ya mwalimu yatosha shule nzima. Kinachokosekana ni idhini tu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kivuli kamili kitapita Misri na ncha ya Somalia. Kwetu litafunikwa sehemu tu. Lisitazamwe kwa macho matupu wala kwa miwani ya kawaida. Yahitajika miwani maalumu, na si ghali. Wakuu wa shule na kamati za wazazi waiagize mapema, na ratiba ya siku hiyo iachwe wazi tangu sasa.