Anayetualika Atusimamie: Risala ya Wanafunzi na Watafiti Wageni wa Johannesburg Kuhusu Viza

KWA: Wakuu na Wasajili wa vyuo vikuu vya Johannesburg vinavyotupokea, Makamu Wakuu wa vyuo vya nyumbani vinavyotutuma, na Waheshimiwa Mabalozi wa nchi zetu mjini Pretoria.

YAH: WAJIBU WA CHUO KATIKA VIZA YA MGENI WAKE

Waheshimiwa,

Sisi ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu, watafiti waliokwisha kuhitimu uzamivu na wahadhiri wageni. Tumetoka Tanzania, Kenya, Uganda na mashariki ya Kongo, na tunasoma na kufanya kazi katika vyuo vya jiji hili, kuanzia Braamfontein hadi Auckland Park, Doornfontein na Soweto. Risala tumeiandika kwa lugha tuliyojadiliana kwayo. Nakala ya Kiingereza imeambatanishwa.

Tuanze na shukrani. Maabara, maktaba na walimu tuliowakuta hapa vimetujenga. Ushirikiano kama CARTA, unaoongozwa kwa pamoja na kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umewapa wahadhiri wengi wa Afrika Mashariki shahada za uzamivu bila kulihama bara. Umoja wa vyuo vya utafiti vya Afrika, ARUA, ulioundwa mwaka 2015, umeviweka meza moja vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Johannesburg. Hatuna ugomvi na elimu ya hapa. Tunacholalamikia ni njia ya kuifikia, na namna mgeni anavyoachwa peke yake katika njia hiyo na yule yule aliyemwalika.

1. AHADI ANAPEWA NANI?

Sheria ya Uhamiaji ya Afrika Kusini, Na. 13 ya 2002, na kanuni zake za 2014, zinamtaka mwombaji wa viza ya masomo alete barua ya chuo inayoonyesha kwamba amekubaliwa na kozi itachukua muda gani. Pamoja na barua hiyo, chuo kinampa ahadi Mkurugenzi Mkuu wa Mambo ya Ndani: kitathibitisha usajili wa mwanafunzi ndani ya siku 60, asipojisajili kwa wakati kitatoa taarifa ndani ya siku 7, na akiacha au akimaliza masomo kitatoa taarifa ndani ya siku 30.

Ahadi zote hizo ni za chuo kwa Serikali, na zinatuhusu sisi. Kwa mwanafunzi mwenyewe chuo hakikuahidi lolote: barua itatoka lini, nani atajibu simu, nani atasimama naye maombi yakikwama. Huo ndio upungufu tunaoomba uzibwe.

Kwingineko mambo yamewekwa wazi zaidi. Nchini Uingereza chuo hakiwezi kumwita mwanafunzi wa nje bila leseni ya udhamini. Nchini Marekani chuo hutoa fomu ya I-20 kwa mwanafunzi au DS-2019 kwa mgeni wa mabadilishano, na kina maofisa waliosajiliwa serikalini kwa kazi hiyo. Hatusemi huko ni peponi. Agosti 2012 Chuo Kikuu cha London Metropolitan kilinyang'anywa leseni, na wanafunzi zaidi ya 2,000 wakabaki wakihangaika kutafuta chuo kingine. Lakini huko kila mtu anamjua mdhamini ni nani. Hapa Johannesburg chuo kinaandika barua kama mdhamini, kisha tatizo likitokea kinajitoa kama mtazamaji.

2. MALALAMIKO YETU

(a) Barua zinachelewa. Masomo huanza Februari. Mara nyingi barua ya kukubaliwa hutoka Desemba, chuo kikiwa kinafunga kwa likizo, na bila barua hiyo maombi hayaanzi. Bado kuna cheti cha polisi kutoka nchi ambazo mwombaji ameishi miezi 12 au zaidi, ripoti ya daktari, bima na uthibitisho wa fedha. Binti wa Mwanza aliyesoma Makerere anahitaji cheti cha Tanzania na kingine cha Uganda. Kijana wa Bukavu anahitaji vyeti vyake vya Kifaransa vitafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri aliyeapishwa, kisha afike ubalozini Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipotekwa na waasi wa M23, viwanja vya ndege vya miji hiyo vilifungwa. Wenzetu waliokuwa na barua za kukubaliwa mifukoni hawakuwa na pa kupita, na tarehe ya mwisho ya usajili haikuwasubiri.

(b) Mzunguko wa kuhuisha viza. Maombi ya kuhuisha yanatakiwa yafike si chini ya siku 60 kabla ya viza kuisha. Kwa viza inayoisha 31 Desemba, hiyo ni mwisho wa Oktoba au siku ya kwanza ya Novemba. Maombi hayo yanadai barua ya chuo kuhusu mwaka unaofuata. Oktoba idara ya chuo inajibu kwamba matokeo bado, subiri. Januari matokeo yanatoka, mwanafunzi anakwenda kujisajili, na mfumo unamkataa kwa sababu viza imeisha.

Mwenzetu mmoja wa uzamivu, mwenye risiti ya maombi mkononi, aliweka kadi yake kwenye geti la jengo la maabara na taa nyekundu ikawaka. Mlinzi, aliyekuwa akimsalimu kila asubuhi kwa jina, alimwomba radhi na kumrudisha nje. Sampuli zake za damu zilikuwa ghorofa ya pili, kwenye jokofu lenye jina lake. Zilinusurika kwa sababu rafiki yake alikubali kuzihudumia juu ya kazi yake mwenyewe. Ufadhili wake nao ukasimama, kwa kuwa hulipwa kwa aliyesajiliwa tu. Na kodi ya chumba ikaendelea kuhesabiwa.

Tunajua chuo kinaogopa nini. Kifungu cha 39 cha Sheria kinakikataza kumfundisha, kwa kujua, mgeni asiyeruhusiwa kuwapo nchini au kusoma. Lakini mwanafunzi aliyewasilisha maombi kwa wakati hayuko katika kundi hilo moja kwa moja. Mwaka 2024 Idara ya Mambo ya Ndani yenyewe ilitangaza kwamba ilikuwa na mrundikano wa maombi ya viza zaidi ya 306,000, na kwa miaka kadhaa ilitoa nyaraka za kulinda hadhi ya wanaosubiri majibu, tarehe ikisogezwa mbele tena na tena. Nyaraka hizo zinasomeka na kila mtu. Kinachokosekana chuoni ni mtu ambaye kazi yake ni kuzisoma na kuiambia ofisi ya usajili: huyu msajilini, yuko ndani ya sheria.

(c) Mtafiti mgeni hana pa kuhesabiwa. Mtanzania na, tangu 1 Januari 2023, Mkenya, huingia nchini bila viza kwa siku 90. Kwa hiyo waalikaji wengi humwambia mgeni, "Njoo tu, huhitaji viza." Ni kweli kwa anayekuja kutembelea. Anayekuja kufundisha muhula kwa malipo anahitaji idhini chini ya kifungu cha 11(2). Anayekuja kwa utafiti au likizo ya kitaaluma ya zaidi ya miezi mitatu anahitaji viza chini ya kifungu cha 11(1)(b). Na aliyeingia kama mtembezi kwa kawaida hawezi kuibadili hadhi yake akiwa humu humu nchini: lazima arudi nyumbani akaombe upya. Mwalikaji anayekosea neno moja katika barua ya mwaliko anamgharimu mgeni nauli na muhula mzima.

Waliohitimu uzamivu na kupewa nafasi za utafiti wako pabaya zaidi. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inasema wao si wanafunzi. Ofisi ya rasilimali watu inasema wao si waajiriwa. Wanazunguka kati ya majengo hayo mawili huku siku za viza zikipungua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ni kweli chuo kinapona, maana makala za wageni hawa huhesabiwa katika mafanikio yake. Basi wahesabiwe pia katika wajibu wake.

(d) Gharama zinamwangukia mgeni kabla hajajua kama atasafiri. Bima lazima iwe ya skimu iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Skimu za Matibabu ya 1998 ya hapa. Bima za nyumbani hazikubaliki. Kwa kawaida hudaiwa ya mwaka mzima, na mapema, maana lazima iwepo ndani ya maombi. Familia inauza ng'ombe au inakopa kwenye chama kulipia bima ya nchi ambayo huenda mtoto asiingie. Viza ikikataliwa, inaanza safari nyingine ya kudai marejesho, kwa simu, kutoka Kigoma au Kitale.

(e) Adhabu haiulizi nani alichelewesha. Mgeni anayetoka nchini akiwa amepitisha muda wake kwa chini ya siku 30 anaweza kutangazwa asiyetakiwa kwa miezi 12. Akizidisha siku 30, ni miaka 5. Karatasi ya tangazo hilo hutolewa dakika za mwisho, kwenye dawati la uhamiaji la uwanja wa OR Tambo, mtu akiwahi mazishi nyumbani. Sheria inaruhusu kuomba tangazo hilo liondolewe kwa sababu za msingi, lakini ushahidi wa sababu hizo uko chuoni: nani aliombwa barua, lini, na aliitoa lini. Wapo wenzetu walioomba chuo kithibitishe ucheleweshaji huo kwa maandishi wakanyimwa, kwa hofu kwamba chuo kitaonekana kimekiri kosa.

3. HISTORIA INAYOTUHUSU SOTE

Jiji hili limeshawahi kupoteza msomi kwa sababu ya kibali. Eduardo Mondlane kutoka Msumbiji alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1949, baada ya makaburu kushika madaraka, alifukuzwa nchini na masomo yake hapa yakakatika. Akamalizia elimu Marekani, na mwaka 1962 akakiongoza chama cha ukombozi cha FRELIMO kilipozaliwa Dar es Salaam, mji alimouawa tarehe 3 Februari 1969. Siasa ile imekufa, na hatumfananishi yeyote leo na makaburu. Tunakumbusha tu kwamba karatasi moja ikitosha kumtoa mwanafunzi darasani, chuo hakiwezi kusema karatasi hiyo si kazi yake.

Tunakumbusha pia Mazimbu, Morogoro. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Afrika Kusini waliokimbia wakiwa hawana pasipoti walisoma pale, katika Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Hatudai malipo ya ukarimu ule. Tunasema ukanda huu unajua kumpokea mwanafunzi kabla ya karatasi zake, na umewahi kufanya hivyo katika hali ngumu kuliko hii.

Zaidi ya hayo kuna ahadi ya maandishi. Itifaki ya SADC ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo vikuu kwa wanafunzi wa ukanda, na kulegeza hatua kwa hatua, hatimaye kuondoa, taratibu za uhamiaji zinazozuia wanafunzi na wahadhiri kwenda na kurudi. Tanzania na Kongo zimo SADC.

4. MADAI YETU

Kwa vyuo vya Johannesburg:

i. Barua ya kukubaliwa, yenye kila kitu ambacho kanuni zinataka, itolewe kabla ya mwisho wa Septemba kwa anayeanza Februari. Na barua ya kuhuisha itolewe ndani ya siku 10 tangu iombwe, hata kama matokeo bado.

ii. Liwepo dawati moja la uhamiaji kwa wanafunzi, watafiti na wahadhiri wageni, lenye ofisa aliyesomea sheria hiyo.

iii. Mwenye risiti ya maombi yaliyowasilishwa kwa wakati asajiliwe kwa masharti, na kadi, makazi na ufadhili wake visikatwe mpaka Idara itoe jibu.

iv. Hakuna mwaliko utakaotumwa kwa mtafiti kabla dawati hilo halijathibitisha kwa maandishi aina ya viza inayofaa.

v. Chuo kilipe gharama za viza na bima za mgeni kiliyemwalika, na kiwe na mfuko wa kuwakopesha wanafunzi bima ya mwaka wa kwanza.

vi. Ucheleweshaji ukitokea chuoni, Msajili autolee barua, na chuo kigharimie rufaa ya mgeni aliyeadhibiwa kwa sababu hiyo.

vii. Kila mwaka itangazwe idadi ya waliokubaliwa ambao hawakufika, na wangapi kati yao walikwamishwa na viza.

Kwa vyuo vya nyumbani: mikataba ya ushirikiano iwe na kipengele cha viza, kinachosema nani analipa, nani anaandika na kwa muda gani. Mhadhiri asitumwe kwa barua ya mwaliko peke yake.

Kwa Waheshimiwa Mabalozi: Itifaki ya SADC iwekwe mezani kwa jina lake. Kwa Kenya na Uganda, zisizo wanachama, yatafutwe makubaliano ya nchi na nchi yanayowahusu wanafunzi na watafiti, si watalii na wafanyabiashara peke yao. Na kwa ndugu zetu wa Kivu, tunaomba njia ya dharura ya kuwasilisha maombi kupitia Kigali, Kampala au Dar es Salaam.

5. HITIMISHO

Waheshimiwa, sisi kwa upande wetu tunaahidi kuleta nyaraka zetu kwa wakati, kutofanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki ambazo viza ya masomo inaruhusu, na kukaa na ofisa yeyote mtakayemteua kuandika mwongozo wa hatua kwa hatua utakaowasaidia wanaokuja. Majina ya wajumbe wetu watatu yamo katika bahasha.

Tunaomba majibu ya maandishi, dai kwa dai, ndani ya siku 30. Dai litakalokataliwa, tuelezwe sababu. Litakalokubaliwa, litajiwe tarehe. Usajili wa mwaka ujao ndio utakaotuonyesha kama tumesikilizwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Kwa niaba ya wanafunzi na watafiti wageni wa Afrika Mashariki na Kongo,
Kamati ya Risala, Johannesburg