Kampemba: Nyumba ya kwenye simu na nyumba ya kwenye lupango

Siku hizi huko Bel-Air na mitaa mingine ya komini ya Kampemba, mtu akikuambia anajenga, kabla ya kukupeleka kwenye lupango lake atakuonyesha simu. Utaona nyumba yenye kuta nyeupe, vioo vikubwa, gari mbele ya baraza na miti ambayo haioti hapa Katanga. Nyumba hiyo ilianza na mistari ya kalamu kwenye daftari ya mtoto. Kijana mwenye kompyuta akaupiga mchoro picha, akaugeuza kuwa 3D, na baba wa familia akalipa. Ameshawatumia ndugu wa Kolwezi na wale wa Ulaya, nao wameahidi kutuma feza. Masoni peke yake ndiye hajaulizwa kitu.

Sina ugomvi na 3D. Mama ambaye hajawahi kusoma plani ya karatasi anaangalia picha hiyo na kusema papo hapo: dirisha la jikoni linatazama choo cha jirani, ligeuzeni. Kwenye kompyuta kugeuza dirisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye ukuta uliokwisha simama ni siku nzima ya nyundo, na saruji iliyopotea hairudi. Tena vijana wetu wanajifunza kazi hii kwa taabu, mara nyingi bila mwalimu, umeme wa SNEL ukikatika katikati ya picha iliyokuwa ikipikwa na mashine tangu usiku. Wanatumia programu kama SketchUp, au Blender ambayo ni ya bure. Wanastahili kulipwa.

Kinachonisumbua ni namna mchoro wa mkono unavyoingia ndani ya mashine. Kijana anaweka picha ya daftari chini kama mkeka, anafuata mistari yake, halafu anainua kuta juu hadi mita 3, anatoboa milango, anafunika paa, anatia rangi na jua. Lakini mashine haijui daftari lile lina mita ngapi. Lazima aiambie kipimo kimoja, na mara nyingi anachagua mlango, kwa sababu kila mtu anajua mlango ni kama sentimita 90. Sasa, baba alipochora alikaa mezani na kuchora mlango mkubwa, vile anavyoupenda. Ikiwa mlango huo umechukua theluthi moja ya ukuta, kompyuta itasema ukuta una mita 2 na sentimita 70, hata kama kwenye lupango kuna nafasi ya mita 4. Ikiwa aliuchora mdogo, chumba kitavimba na kuvuka mpaka wa jirani. Na picha itakuwa nzuri vilevile.

Jirani yangu mmoja alijenga nyumba ya ghorofa kwa kufuata picha ya namna hiyo. Ngazi zilikuwa na vidato 10, zinapanda kwa uzuri kando ya sebule. Hakuna aliyehesabu. Kupanda mita 3 kwa hatua ya kawaida ya sentimita 17 au 18 kunadai vidato kama 17, na ngazi hiyo inakula zaidi ya mita 4 za sakafu. Kwa vidato 10, kila kimoja kina sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Masoni alisema siku ya kwanza kwamba haifai. Alijibiwa kwamba plani imefanywa na kompyuta. Leo mama mzazi wa mwenye nyumba analala chini, kwenye chumba kilichopangwa kuwa cha kuweka vitu, na vyumba vya juu hajaviona tangu aletwe.

Hapo ndipo naona kosa letu sisi wateja. Tunaheshimu mashine kuliko mtu aliyejenga miaka 20. Mwaka 1963, mwanafunzi wa Marekani aitwaye Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad, moja ya zile za kwanza kabisa za kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta, kwa kalamu ya mwanga. Mtu alichora mistari iliyopinda, halafu akaiambia mashine: hii miwili iwe sambamba, hii iwe sawa kwa urefu. Mashine ilinyoosha, lakini sharti lilitoka kwa mtu. Programu mpya za akili bandia, zinazotoa picha ya nyumba kwa sekunde chache kutoka mchoro wowote, hata sharti haziulizi. Upande wa nyuma ambao hukuchora zinaubuni tu.

Na kuna vitu ambavyo hakuna mchoro unaovionyesha. Sisi wa Lubumbashi tunajua vichuguu vyetu. Watu wanavivunja kufyatua matofali, wanabaki na shimo, wanalijaza udongo na takataka, halafu lupango linauzwa likiwa tambarare. Kwenye 3D chini ni majani ya kijani. Mvua za Januari zikija, msingi uliowekwa juu ya shimo hilo unashuka na ukuta unapasuka.

Marehemu Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa alitengeneza miji mizima kwa karatasi na katoni, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York liliionyesha dunia. Hakuna mtu aliyeambiwa ahamie ndani.

Basi ninayowaomba vijana wa 3D ni machache. Kabla ya kufungua kompyuta, nenda kwenye lupango na metre ya mkononi, pima pande zote, uliza majirani nini kilikuwa pale zamani. Andika vipimo juu ya picha yenyewe, siyo kwenye faili utakayobaki nayo. Kitanda unachoweka chumbani kiwe cha kweli, cha mita 1 na sentimita 90, siyo cha mtoto ili chumba kionekane kikubwa. Na siku ya kuonyesha kazi, masoni awe ameketi hapo, na picha aishike yeye kwanza. Na wewe baba unayelipa, usitoe sehemu ya mwisho ya feza kabla hajaulizwa ngazi ina vidato vingapi.