Albamu ya watu wawili, na ngoma zinazoondoka Kasulu



Wiki hii nimeirudia "Singeli Ya Maajabu" ya Sisso na Maiko mpaka jirani akanigongea ukuta. Kwa wale ambao haijawafikia, hiyo ni albamu yao ya kwanza wakiwa wawili. Ilitoka 2024 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala (jina hilo usilitamke mbele ya mama mkwe, wenyewe wanasema kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla. Haya, tuwaamini). Imepikwa Mburahati, Dar, kwenye studio ya Sisso mwenyewe. Sisso anapanga midundo, Maiko anakimbiza kinanda juu yake kwa mwendo ambao moyo wa mtu mzima hauuwezi.

Mimi ni mpenzi wa dub, na nikisikiliza mambo haya nawaza Jamaika. King Tubby, jina lake halisi Osbourne Ruddock, alikuwa fundi wa redio na vikuza sauti pale Kingston. Miaka ya 1970 alikuwa akichukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, anamzima mwimbaji, anaacha besi na ngoma, kisha kipande cha gitaa anakirusha kwenye mwangwi kinapotea mbali huko. Tepu aliyofanyia kazi ilikuwa ya treki nne tu! Nne, jamani. Singeli na dub haziendi mwendo mmoja, moja inakimbia na nyingine inajikokota, lakini tabia ni ileile: fundi wa mtaani, vifaa vya kuungaunga, na sauti ya jirani inayochezewa mpaka mwenyewe asiitambue.

Sasa turudi kwetu Buha. Dar wanatutania kwamba tunaishi mwisho wa reli, wakati Kasulu na Kibondo hata reli haijafika, ukishuka Kigoma unaanza kupanda milima. Studio nilizoingia huku katika pilika za kazi zote zinataka kusikika kama Dar. Kijana akija na ngoma ya bibi yake anaambiwa haina soko. Siwalaumu sana hao maprodyuza, kodi ya chumba inalipwa na anayetaka kuimba kama Ali Kiba. Hata Kigoma All Stars walipotoa "Leka Dutigite" mwaka 2012 tulijivuna kweli, ila wengi wao makazi yalikuwa Dar.

Kinachoniuma ni kwamba sauti tunayoidharau imeshachezewa na wengine zamani. Wafaransa walirekodi ngoma za Burundi miaka ya 1960. Mwaka 1971 rekodi hiyo ikawekewa piano na gitaa, ikauzwa Ulaya kama "Burundi Black", na jina la msanii likaandikwa Burundi Steiphenson Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell akaiweka kwenye "The Jungle Line". Wapigaji wenyewe nani anawajua kwa majina?

Na ngoma hizo tumekaa nazo miaka yote. Wakimbizi wa Burundi waliokuja tangu 2015 walipokewa Nyarugusu hapa Kasulu, Nduta kule Kibondo na Mtendeli, Kakonko. Hawakuja na nguo peke yake, walikuja na ngoma. Nyarugusu tangu 1996 ina Wakongo pia, na ukiwa na Wakongo una gita na kwaya. Lakini kambi hazidumu. Mtabila ilifungwa 2012. Mtendeli ikafungwa 2021. Watu wakipakiwa kwenye magari kurudi kwao, hakuna anayebaki na sauti ile, na Waha waliojifunza kuipiga kutoka kwao sidhani kama kuna aliyewarekodi.

Ndiyo maana nasema albamu inayofuata ya watu wawili ipikwe huku, tena haraka. Mmoja wa kurekodi, mwingine wa kukaa mezani na kuzima, kuwasha, kurusha mwangwi. Laptopu iliyotumika, maikrofoni mbili, jenereta ya kuazima. Kuingia kambini kunataka kibali cha Mambo ya Ndani, na hicho najua kinavyochosha, lakini kinapatikana. Sharti langu ni moja tu, kila mpigaji aandikwe jina kwenye jalada na mgao wake ukubaliwe kabla kitufe hakijabonyezwa. Msije mkatuletea "Kasulu Black".

Fundi ninaowaza upande wa meza yupo. Anatengeneza spika sokoni Kasulu, na mwangwi tayari anao, ule wa matangazo ya minada. Nilipomwuliza kama amewahi kusikia dub akaniuliza ni aina gani ya redio.

Wenye studio, nijibuni basi: ngoma kumi zikipigwa kwa pamoja uwanjani, mnatoza kama wimbo mmoja au kumi?