Mwacheni Mtoto Aelewe Kisa Kwanza

Wazazi wenzangu, na ninyi walimu wa madarasa ya chini, liko swali ambalo watoto hutuuliza jioni wakiwa wameinamia daftari la hesabu, nasi tunalijibu upesi mno: “Hapa nazidisha au nagawanya?” Tunalitupia fumbo jicho moja, tunasema “gawanya,” mtoto anagawanya, kesho anapata vema, na nyumba nzima inaridhika. Nasema tusiridhike. Aliyelijibu swali hilo ndiye aliyefanya hesabu. Mwenye penseli kafanya kazi ambayo hata kikokotoo cha simu kingeifanya.

Kwa kuikwepa kazi ya kufikiri tumebuni njia ya mkato. Mtoto anafundishwa kuwinda maneno: akiona “kila,” azidishe, akiona “gawa,” agawanye. Haya, mpeni fumbo hili: “Neema ana machungwa 24. Kila kapu linachukua machungwa 6. Anahitaji makapu mangapi?” Neno “kila” lipo, basi mwindaji wetu anazidisha na kuandika 144. Makapu 144 kwa machungwa 24! Kisha mgeuzieni upande wa pili: “Juma aliwagawia rafiki zake 5 peremende tatu tatu. Aligawa peremende ngapi?” Hapo neno la kugawa limetajwa mara mbili, na jibu linapatikana kwa kuzidisha.

Msidhani ni ugonjwa wa shule zetu pekee. Kuelekea mwaka 1980, huko Grenoble, Ufaransa, watafiti waliwapa watoto 97 wa madarasa ya chini swali la mzaha: melini mna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa jibu kwa kuzichezesha namba hizo. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoezwa kwamba kila penye namba mbili pana kitu cha kufanya, na anayeuliza maana anachelewesha darasa.

Sasa tuingie ndani ya kugawanya kwenyewe, maana hapo ndipo tunapowaonea watoto. Chukueni maandazi 12. Kisa cha kwanza: wapo watoto 3, wagawane sawa, kila mmoja anapata mangapi? Kisa cha pili: yafungwe matatu matatu kwenye mifuko, itapatikana mifuko mingapi? Kwenye daftari visa vyote viwili ni 12 ÷ 3, na jibu ni 4. Lakini mpeni mtoto wa darasa la pili vizibo 12 vya soda, kisha mtazame mikono yake. Katika kisa cha kwanza anatoa kimoja kimoja, huyu, huyu na huyu, anazunguka mpaka viishe. Katika kisa cha pili anachota vitatu kwa mpigo, anaweka kando, anachota tena, halafu anahesabu mafungu. Ni matendo mawili tofauti kabisa. Mtoto anayejua la kwanza tu akikutana na la pili atatafuta watu wa kugawiwa, asiwaone, akwame. Nasi tutasema hajui kugawanya. Na fungu analijua! Ameliona sokoni tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, nyanya tano tano juu ya gunia. Mafungu 4 ya nyanya 5 ndiko kuzidisha kwenyewe.

Kuna na suala la baki. 17 ÷ 5 ni 3, baki 2, na vitabu vingi vinaishia hapo. Lakini watu 17 wanaovuka kwa mitumbwi inayobeba watano watano wanahitaji mitumbwi 4, wala si 3 na baki mbili ufukoni. Mwenye shilingi 1,700 akinunua chapati za shilingi 500 anapata 3 na chenji 200. Chapati 17 kwa watoto 5, kila mmoja anakula 3, na mbili zilizosalia zinakatwa vipande. Hesabu ni ileile na majibu ni matatu. Kinachoamua ni kisa.

Mtu ataniambia kwamba watoto wadogo hawawezi kufikiri hivyo. Wanaweza. Huko Recife, Brazil, Terezinha Nunes na wenzake waliwachunguza watoto wanaouza bidhaa mitaani, wakachapisha matokeo yao mwaka 1985. Mtoto wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi nne, moja ikiwa kruzeiro 35, fedha ya Brazil ya wakati ule. Alianzia kwenye nazi tatu, 105. Akaongeza 30, ikawa 135. Akamalizia tano, 140. Baadaye alipopewa 35 × 4 kwa karatasi na penseli, alijichanganya na namba ya kubeba, akaandika 200. Kwa jumla, mitaani watoto hao walipata maswali 98 kati ya 100. Hesabu kavu za namba tupu, 37 tu kati ya 100. Na yalipowekwa katika mafumbo, kama 74. Basi kisa tunachokiona kuwa mzigo ndicho kilichowabeba. Aliyewahi kununua karanga stendi kwa mtoto hashangai.

Sisemi jedwali la kuzidisha litupwe. Mtoto asiyejua 7 mara 8 atachoka kabla hajafika popote; basi akariri. Wala sisahau kwamba kuna mwalimu mwenye watoto zaidi ya 80 darasani na mtihani mbele yake. Huyo namwomba apunguze: badala ya mafumbo ishirini ubaoni, aweke matatu, na watoto wasimulie kwa vinywa vyao nini kinatokea kabla ya yeyote kugusa penseli.

Nanyi wazazi, msipojua kusahihisha, fanyeni hivi. Mpeni mtoto 6 × 4, mwambieni atunge kisa chake. Akisema tuna kuku sita na kila mmoja katotoa vifaranga vinne, mwacheni aendelee na kazi yake. Akisema tuna kuku sita na bata wanne, msimkaripie. Fungeni daftari, mleteeni vizibo.